Wiki za Mionzi Nyumbani kwa Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka kama ishirini, nimesimama mlangoni kwetu kule Dareda, chini ya milima inayopanda kwenda Mbulu. Ndani, baba alikuwa amelala kwa ubavu, magoti ameyakunja, meno ameyauma. Tangu juzi yake mkojo ulikuwa umegoma kutoka. Tumbo la chini lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, na aliyejaribu kumgusa hapo alifukuzwa.

Nje, kwenye njia ya migombani, shemeji yangu Yohana alikuwa anashuka kwenye baiskeli. Yohana alikuwa amemwoa dada yangu mkubwa, na alikuwa tabibu katika zahanati ya misheni. Alikuja na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Sote tulijua hivyo, maana alikuwa ameshawafanyia wazee wengine wa pale wakapata nafuu siku ile ile.

Baba akasikia sauti ikibisha hodi. Akaniita.

"Huyo ni nani?"

"Ni Yohana, baba. Amekuja na vifaa."

"Mwambie arudi. Mkwe wangu hawezi kuniona uchi."

Hapa lazima nikueleze kidogo, kwa sababu ninyi mmekulia mjini na wakwe zenu mnapiga nao picha mmekumbatiana. Kwetu wakati ule mkwe alikuwa mtu wa kuonewa haya kuliko watu wote. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Hamkai kitanda kimoja, hamli sahani moja, na maneno kati yenu yanapitia kwa mtu wa tatu. Usiyacheke mambo hayo. Yalizuia ugomvi mwingi, na binti aliyeolewa alijua kwamba baba yake na mume wake hawatatukanana hata siku moja, kwa kuwa hata kusalimiana kwenyewe ni kwa mbali.

Basi wazee waliokuwa uani waliposikia jibu la baba waliitikia kwa vichwa. Yohana naye, kijana mwenye adabu, akabaki nje ya boma na mkoba wake begani. Tukaenda kutafuta trekta la kumpeleka mgonjwa hospitali ya Mbulu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Trekta lilipatikana siku iliyofuata, na baba hakufika.

Baada ya maziko wanaume walikaa uani kama kawaida, na mmoja akasema, "Mzee amekwenda na heshima yake." Wenzake wakaitikia. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anapita na sufuria la chai. Akalitua chini.

"Heshima gani hiyo mnayoisema? Heshima ya mkwe ni ili abaki mtu wa kuheshimiwa. Ninyi mmeitunza heshima, mtu mmemwacha." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyepelekwa shule, ulikuwa unasoma nini huko, kama hukuweza kumjibu baba yako neno moja?"

 Akaliinua sufuria, akaendelea kugawa chai.

Pengine ndiyo maana nilisomea afya, sijui. Mtu haelewi vizuri kilichomsukuma mpaka amefika mbali. Nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi, nyingi kati ya hizo nikizunguka vijiji vya Bonga na Nangara, hapa Babati, kwa pikipiki ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia vyoo vya watu. Nilimuuliza mzee wa miaka themanini mbele ya wajukuu zake anakwenda haja wapi, na sikuona haya. Kila mkutano nilimaliza kwa kusema, "Mficha uchi hazai." Watu walipiga makofi. Ni rahisi kuisema methali hiyo, mwanangu, ukiwa umevaa suruali.

Nilipostaafu nilibaki hapa Nangara, na mke wangu, Mama Paska, na ng'ombe wawili, na shamba la mahindi na mbaazi. Ugonjwa ulianza kwa adabu sana. Niliamka usiku kukojoa, kwanza mara moja, baadaye ikawa desturi. Mkojo ukawa unatoka kwa kusitasita, kama bomba letu la hapa Babati mwezi wa kumi: unafungua, unangoja, linakohoa, ndipo yanatoka matone. Wazee wenzangu waliniambia ni umri. Mimi nilijua si umri peke yake, kwa hiyo nikaenda kupima. Walichukua damu, daktari akapima kwa kidole, baadaye wakakata vinyama vidogo wakavipeleka maabara. Majibu yakaja: saratani ya tezi dume, na daktari akasema tezi itolewe.

Nikueleze tezi hii ni nini, maana jina lake limewaponza wengi. Ni kitu kidogo, kama ndimu changa, kimekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ikivimba, inabana njia. Imeitwa dume kwa sababu wanawake hawana. Basi, ni hilo tu. Lakini wanaume wetu wakisikia "dume" wanadhani ukitolewa tezi umetolewa na dume lenyewe. Niliporudi kutoka kufanyiwa upasuaji, rafiki yangu Baba Elia, dereva mstaafu wa lori, alikuja kunijulia hali. Alikaa, akanywa chai, akazungumza habari za mvua, habari za bei ya mbaazi, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Sasa, ndugu yangu, kule stendi ya bajaji wanasema umetolewa dume."

"Nimetolewa tezi. Dume limebaki."

"Uliliona mwenyewe?"

"Baba Elia, unataka nikuonyeshe?"

"Hapana, hapana! Nakuamini. Nitawaambia nimeambiwa na mwenyewe."

Tulicheka, na nilipocheka nikasikia suruali inalowa. Hilo ndilo ambalo stendi ya bajaji hawakulijua. Tezi ikitolewa, ule msuli unaoshikilia mkojo unabaki dhaifu. Unakohoa, mkojo unatoka. Unainuka kitini, unatoka. Wauguzi walinifundisha mazoezi: unabana kwa ndani kama mtu anayezuia mkojo njiani, unashikilia, unaachia, unarudia. Nilifanya nikiwa nakamua ng'ombe, nilifanya kanisani wakati wa mahubiri. Yalisaidia, lakini polepole, na mpaka leo natembea na pedi. Na lile jingine ambalo vijana mnataka kuuliza na hamuulizi: ndiyo, liliguswa pia. Mimi na Mama Paska tuliongea, yeye akiwa wa kwanza kulitaja, na daktari akatuambia yapo ya kufanya. Wanandoa wanaozungumza hawakosi njia ya kukumbatiana. Nitaishia hapo, maana na wewe nakuonea haya.

Miezi ikapita. Kila baada ya muda nilirudi kupima damu, na kipimo kilikuwa chini kabisa, nasi tukamshukuru Mungu. Halafu kikaanza kupanda. Kidogo, halafu kidogo tena. Daktari akanikalisha.

"Mzee, inaelekea kuna chembe zilizobaki pale tezi ilipokuwa. Tukizipiga mionzi sasa, tuna nafasi nzuri. Tukingoja, zinaweza kusafiri kwenda kwenye mifupa, na huko kuzifuata ni kazi nyingine."

Mionzi ilikuwa Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa karibu wiki saba. Nyumba ya kulala wagonjwa wanaotoka mbali ilikuwa imejaa. Mama Paska alikuwa anamuuguza mama yake mzazi, bibi ambaye hawezi hata kugeuka kitandani, hivyo asingeweza kuondoka. Lakini binti yetu Paska anaishi Dar. Alipiga simu jioni ile ile.

"Baba, chumba kipo. Njoo."

Nikasema nitamjibu.

Unaona nilipokuwa nimefika, mwanangu. Chumba kile kilikuwa nyumbani kwa Festo, mume wa Paska, kijana wa Songea, fundi wa majokofu. Mimi nikalale kwa mkwe! Si usiku mmoja wa harusi, bali wiki saba, na nguo za ndani zinazonuka mkojo, na mashuka ya kuanikwa asubuhi kwenye kamba ambayo yeye anapita chini yake kwenda kazini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema lolote kuhusu mgeni anayelowesha godoro.

Nikaanza kutafuta sababu. Kwanza nilisema nangoja nafasi kwenye ile nyumba ya wagonjwa. Halafu nikasema mbaazi haziwezi kujivuna zenyewe. Halafu ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Alizaa, ndama akasimama, akanyonya, na mimi bado nipo Nangara. Nilijua kila siku ninayokaa ina maana gani. Nilikuwa nimewaambia hivyo watu wa kifua kikuu na watu wa kichocho maisha yangu yote. Mama Paska alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akaniuliza, "Baba Paska, unaogopa mashine au unaogopa watu?" Nikamwambia aniletee maji ya kunawa.

Jumapili moja, baada ya ibada, tukasikia hodi. Alikuwa Mzee Komba, mfanyabiashara wa nafaka hapa sokoni Babati. Mzee huyu ni mtu wa Songea pia, na ndiye aliyekuwa mshenga wa Festo wakati wa posa. Alikuwa amevaa koti kwenye jua kali, na kwapani ana furushi. Nikajua hakuja kutembea tu.

Akakaribishwa, akakaa, akakataa chai mpaka aseme neno lake.

"Nimetumwa," akasema.

"Na nani?"

"Na yule yule wa mwanzo."

"Mbona mazungumzo ya mahari yalikwisha?"

"Yalikwisha. Safari ile alinituma nije kumwomba binti. Safari hii amenituma nije kumwomba baba."

Jikoni nilisikia mwiko unaanguka. Mama Paska alikuwa amesimama kusikiliza.

Mzee Komba akafungua furushi. Ndani kulikuwa na blanketi zito, jipya. "Kijana anasema anajua haya ya ukwe haivunjwi bure. Kwa hiyo anaivunja kwa blanketi hili, mbele yangu mimi mshenga, ili baba akalale kwake bila lawama, na asiwepo wa kusema kwamba mzee alikwenda kujitupa kwa mkwe. Hakujitupa. Ameombwa."

Nilitazama lile blanketi. Nikaona kwamba mwanaume huyu, ambaye tulikuwa hatujawahi kusemeshana maneno kumi mfululizo, alikuwa amekaa akafikiri namna ya kunitoa nilipokwama bila kuniaibisha. Ikabidi nami niwe mkweli.

"Mzee Komba, tatizo si blanketi. Mkojo unanitoka. Nikikohoa unatoka, nikiinuka unatoka. Mtu wa namna hiyo analalaje kwa mkwe?"

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Kumbe ni hilo tu? Sisi tulidhani umekasirika kwa sababu ya yule ng'ombe wa mahari aliyekufa."

"Ng'ombe gani aliyekufa?"

Mzee Komba akaanza kulikunja upya blanketi. Mama Paska akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Ndiyo, mzee, ng'ombe gani? Si mlituambia yule mmoja ataletwa baadaye kwa sababu anaumwa kwato?"

"Tuyaache ya ng'ombe," mshenga akasema haraka. "Hilo la mkojo kijana analijua. Mke wake alimwambia zamani. Ameshanunua na godoro la akiba."

Nilichokuwa nakificha kwa wiki zote zile kilikuwa kimeshanunuliwa godoro. Nikamwambia Mama Paska alete chai.

Nilikwenda Dar es Salaam na blanketi langu, ingawa kwa joto la kule lilibaki limekunjwa kwenye kiti. Chumba walichonipa kilikuwa na choo chake. Festo aliendelea kunipa heshima ya kikwetu, ambayo Paska alikuwa amemfundisha kwa bidii kupita kiasi, mpaka ikawa kichekesho. Anasimama mlangoni, mimi niko hatua mbili, anamwambia mke wake, "Mwambie baba gari iko tayari." Nami namwambia Paska, "Mwambie nimesikia." Mjukuu wangu Neema, wa miaka minne, akawa anatuangalia kama watu wasiosikia vizuri, akaanza kurudia maneno yetu kwa sauti kubwa.

Kuhusu mionzi yenyewe, nikuambie nilichokiona, si nilichosikia. Watu wanasema "fulani anachomwa mionzi", na mimi nilikwenda nikitafuta moto. Hakuna moto. Wanakuchora alama ndogo kwenye ngozi ili mashine ilenge pale pale kila siku. Unalala kwenye kitanda chembamba, wao wanatoka, mashine inakuzunguka polepole kama mnunuzi anayekagua fahali mnadani, inanguruma, inanyamaza. Husikii maumivu. Jirani mmoja wa Paska alisema Neema asipakatwe na babu yake maana mionzi itamwambukiza. Nilimuuliza binti anayeendesha mashine. Akasema, "Babu, mionzi ya mashine hii haikai mwilini. Ukitoka humu umeiacha humu. Mpakate mjukuu wako." Jioni ile Neema alilala mapajani kwangu mpaka miguu ikafa ganzi.

Ugumu ulikuwa kwenye maji. Walitaka kibofu kiwe kimejaa, ili kiinuke na kukaa mbali na mahali panapopigwa. Yaani mtu ambaye kazi ya kuzuia mkojo imemshinda, ndiye anaambiwa anywe chupa nzima na azuie! Kwenye benchi tulikaa wazee watupu, kila mmoja na chupa yake, tunanyamaza na kubana. Alikuwepo dereva mstaafu wa treni kutoka Tabora, mzee mrefu ambaye hakujua kunyamaza.

"Babati, umejaza?"

"Nimejaza."

"Na koki?"

"Koki haina dhamana."

"Ya kwangu ilikuwa ya reli ya kati. Inavujia kila stesheni."

"Mzee, usinichekeshe, nitaanza upya!"

Tulicheka tumefinya magoti. Sikuwahi kuona wanaume wakizungumza mambo yale mchana kweupe, na nikasikitika kwa ajili ya wote waliokufa kabla hawajakaa kwenye benchi kama lile.

Wiki za katikati mwili ulianza kuchoka. Uchovu wa mionzi si wa jembe; unalala na unaamka nao. Mkojo ulianza kuwasha ukitoka, na tumbo likawa linakimbia. Walikuwa wameniambia mapema, kwa hiyo sikushtuka. Lakini mtu aliyechoka hukosea. Siku moja, kwa kuogopa kuchelewa, nikanywa chupa yangu yote nyumbani kabla ya kuondoka. Haraka haraka haina baraka. Paska alikuwa amempeleka Neema shule, hivyo ndani ya gari tulikuwa wawili tu, mimi na Festo, katika kile kigari chake cha mizigo wanachokiita kirikuu, kiti kwa kiti, bega kwa bega, bila mtu wa kupitishia maneno.

Foleni ikasimama. Pikipiki zinapita, sisi hatupiti. Nilibana mpaka machozi yakanitoka. Kisha kikatokea kile nilichokuwa nimekikimbia tangu Babati. Pedi haikufaa kitu. Suruali ikalowa, kiti kikalowa, na maji yakaanza kutiririka kwenye sakafu ya gari kuelekea kwenye viatu vya mkwe wangu.

Nilitazama dirishani. Nikasema, "Nipeleke stendi ya mabasi. Narudi nyumbani." Yalikuwa maneno ya kwanza niliyomwambia moja kwa moja tangu nifike.

 Festo akatazama mbele, hakunitazama mimi, nami namshukuru kwa hilo.

"Baba, mimi si hodari wa kuongea na wewe," akasema. "Lakini leo Mama Neema hayupo. Nikikupeleka stendi, jioni yule mtoto ataniuliza babu yuko wapi. Nimwambie nimemrudisha babu kwa sababu ya kiti cha gari?"

Akaupiga mgongo wa kiti changu kwa kiganja.

"Na kiti chenyewe ndicho hiki? Baba, hiki kimewahi kubeba jokofu la samaki lililokaa bila umeme wiki nzima. Fundi mwenzangu alitapika hapo hapo ulipokaa. Kwa kiti hiki, ulichofanya wewe ni kukipaka marashi."

Nilijaribu kukasirika, ikashindikana. Nikacheka, na kicheko kikamalizia kilichokuwa kimebaki kibofuni.

Akaegesha kwenye kituo cha mafuta. Nyuma ya kiti alikuwa na ovaroli yake ya kazi. Akanishika mkono tukaenda chooni, nami nikavua, na mkwe wangu akazichukua zile nguo kwa mikono yake, akazitia kwenye mfuko, akanishikia ovaroli nikaingiza miguu mmoja mmoja. Alinitazama. Mbingu haikuanguka. Tulikuwa mzee mmoja aliyelowa na kijana mmoja anayemsaidia kuvaa, hakuna kingine. Akaninunulia chupa nyingine ya maji. "Hii utainywa ukifika pale," akasema. "Na kesho vivyo hivyo. Hunywi kitu kwenye gari langu."

Nilikaa kwenye benchi na ovaroli yenye grisi. Dereva wa treni akaniangalia juu mpaka chini.

"Babati, umekuja kutibiwa au kutengeneza mashine?"

Nikanywa maji yangu, nikangoja, nikabana. Walinipiga mionzi siku ile kama siku nyingine. Tangu hapo nilinywa nikifika, na nilimaliza wiki zangu zote. Na tangu hapo mimi na Festo tunazungumza bila mtu wa katikati. Neema ndiye aliyeona tofauti kwanza. Alimwambia mama yake kwamba masikio ya babu yamepona.

Nimerudi Babati. Kuwasha kulikwisha, tumbo likatulia, nguvu zimerudi ingawa si zote. Nalima asubuhi, mchana napumzika. Nikipima damu, kipimo kimeshuka na kinakaa chini. Daktari hatumii neno "umepona". Anasema, "Tunaendelea kukuangalia." Mwanzoni neno hilo lilinikosesha usingizi, sasa nimelizoea. Nani asiyehitaji kuangaliwa? Naishi na saratani hii kama mtu anavyoishi na jirani asiyemwamini: unafunga mlango vizuri, halafu unaendelea na shughuli zako.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na nazisema wazi ili usinielewe vibaya. Ukifika miaka arobaini na kitu, nenda kapime, wewe hasa, maana katika ukoo huu ugonjwa umeshabisha hodi. Usingoje maumivu, mwanzoni hauumi. Utaje kwa jina lake, tezi dume, mbele ya mkeo na mbele ya watoto wako wakubwa, kwa sababu mficha maradhi kilio humfichua. Ukiambiwa mionzi, uliza maswali yako yote kwa wanaoendesha mashine, usiulize stendi. Ukianza, maliza. Na pedi ikikuangusha mbele za watu, badilisha nguo urudi kwenye foleni.

Mila zetu zishike. Sikufundishi kuzitupa. Lakini kila mila njema ina mlango, na kazi ya mtu mwenye akili ni kuutafuta kabla mgonjwa hajafa nje ya boma. Kama wewe ndiwe mgonjwa, usijifanye huuoni mlango. Kama wewe ndiwe mkwe, usisimame mbali na mkoba wako begani ukingoja kuitwa. Tuma mshenga, nunua blanketi, omba. Watu wengi hawakatai msaada. Wanakataa kuonekana wanauhitaji.

Mungu akupe maisha marefu, na mwili usiouonea haya. Akupe wakwe wa kukutazama siku utakapougua, mwanangu. Na siku hiyo ikifika, akupe wewe moyo wa kukubali kutazamwa.